Mizani ya Hima

Kazi yangu ni kupima malori.
Saruji ikitoka kiwandani hapa Hima
mimi ndiye nasema: pita. Au: rudi upunguze.
Namwambia dereva, shuka kwanza,
mwili wako si mzigo wa kampuni.
Miaka kumi na moja, sijawahi kubahatisha.

Usiku huu nabahatisha.

Mbambu amerudi na karatasi
iliyokunjwa mara nne ndani ya fundo la leso:
chanjo mpya ya mafua imefika zahanati ya nyuma ya soko,
elfu thelathini na tano kila bega,
na sanduku ni moja, likiisha limeisha.
Ameiweka mezani kati ya chumvi na taa,
akaenda kuosha vyombo
kwa kelele ambayo vyombo havikuiomba.

Nahesabu.
Masika, wa kwanza, anayekohoa kama mdai mlangoni.
Biira, wa pili, hajaugua tangu azaliwe, na hujisifu.
Muhindo, aliyegeuza zamu baada ya wasichana,
miezi kumi na minne (huyu ni paja, si bega).
Mbambu mwenyewe.
Na mama yangu, aliyeshuka kutoka mlimani na kuku wawili,
asemaye mafua si ugonjwa,
ni mvua tu imekosea njia ikaingia puani.

Mwaka jana mvua hiyo ilimwingia Kule, mtoto wa kaka yangu.
Jumanne alipiga chafya, tukamtania.
Jumapili nilibeba sanduku lake peke yangu,
mimi mtu wa mizani,
na mikono ikasoma namba
ambayo sijaiandika katika daftari lolote.

Jirani Masereka ana ushauri:
"Mpya? Acha wengine waanze, wewe utazame."
Ushauri mzuri, ila mtaa mzima umeupata.
Tumesimama wote ukingoni mwa mto,
kila mmoja akingoja mwenzake apime kina.

Asubuhi nikaenda mwenyewe.
Muuguzi Ithungu hakunipa maneno ya bango.
"Haizuii yote. Bega litauma,
pengine na homa ya usiku mmoja.
Walioitengeneza walikisia
mafua ya mwaka huu yatakuja na sura gani.
Wakikosea kidogo, itasaidia kidogo."
"Na wakipatia?"
"Huenda tusionane hadi mwakani."
Nikamwuliza, wako je?
Akapandisha mkono wa gauni:
kipande cha pamba, cha jana.

Sijui kwa nini niliiamini ile "kidogo"
kuliko ambavyo ningeamini "kabisa".
Labda kwa kuwa hata mizani yangu
ina kilo ishirini isizoziona,
na bado madaraja yamesimama.

Pesa zilikuwa za mabati.
Mabati yatangoja; ndoo zinajua mahali pake,
moja chini ya dirisha, moja juu ya kabati.

Jumamosi tukapanga foleni.
Mama alinung'unika Kikonzo njia nzima,
kisha akawa wa kwanza kukunja mkono,
msije mkasema mzee kaogopa sindano.
Muhindo alilia mpaka mwenye duka la mbolea akatoka nje.
Masika akafumba macho. Biira hakufumba,
alitazama sindano ikiingia, ikitoka,
kisha akanigeukia mimi.

"Na baba?"

Nilikuwa nimelipia watano.
"Dereva huwa anashuka," nikasema,
nikadhani nimesema jambo la busara.

"Halafu lori linaondoka na nani?"

Mbambu akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.
Nikaanza kufungua kifungo cha shati
huku nikimwuliza Ithungu, kwa sauti ya chini,
kama zahanati inakopesha.